Kutodai risiti nalo ni kosa

Wengi hudhani bidhaa ikiuzwa bila risiti kosa ni la muuzaji peke yake. Hapana, mnunuzi naye ana kosa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya 2015 inamtaka muuzaji atoe risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) na mnunuzi aidai. Asiyedai anaweza kupigwa faini. Ndiyo maana ya ile "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania.

Nimeuza vitenge Kariakoo, Dar es Salaam, miaka kadhaa, najua swali lenyewe: "Na risiti au bila?" Mzigo wa 118,000 unashuka hadi laki, na mteja anaondoka akichekelea punguzo. Ile 18,000 ni VAT (kodi ya ongezeko la thamani), haikuwa ya muuzaji hata kidogo, anaishika tu kwa niaba ya serikali. (Duka ambalo halijasajiliwa VAT halitozi hiyo 18%, hapo hesabu ni nyingine.)

Ila usiisafishe serikali pia. Mei 2023 maduka Kariakoo yalifungwa kwa mgomo, na moja ya malalamiko makubwa ilikuwa kikosi kazi cha TRA, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja kukaa na wafanyabiashara. Mtu akisumbuliwa hata risiti zake zikiwa sawa, kesho anauza bila.