Barua kwa mwanangu: mezani, lakini kwa maana ipi?

Mwanangu,

Umeniuliza kuhusu ujumbe wa mwenzako wa Chicago: "Let's table the budget until March." Ukakesha ukiandaa slaidi, na kikaoni bajeti haikuguswa. Hukukosea. Wewe umesoma kwa Kiingereza cha huku kwetu, yeye kaandika kwa cha kwao, na kwenye kitenzi hiki, "to table", viwili hivyo vimepeana mgongo: kwetu ni kuwasilisha jambo lijadiliwe, kwao ni kuliahirisha.

Neno lenyewe ni meza tu, mzizi wake Kilatini "tabula", yaani ubao, likapitia Kifaransa. Meza inayohusika ni ile ya makatibu mbele ya Spika katika Bunge la Uingereza. Karatasi ikifika pale imeingia rasmi kikaoni, ndiyo maana "to table" ikawa kuwasilisha. Nasi tumerithi: fungua taarifa rasmi za Bunge la Tanzania, utakuta hati "zilizowasilishwa Mezani". Kenya, India na Australia ni hivyohivyo.

Wamarekani waliitazama meza ileile kwa jicho jingine: karatasi iliyolazwa mezani haimo mkononi mwa mtu. Kanuni za vikao za Henry M. Robert, zilizotoka mwaka 1876 na zinazofuatwa na vyama vingi vya huko, zina hoja ya kulaza jambo mezani. Lazima iungwe mkono, haijadiliwi, na hupita kwa zaidi ya nusu ya kura. Kusudi lake ni kupisha jambo la dharura, kisha lile la kwanza lirudishwe kwa hoja nyingine. Lakini katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, kulaza muswada mezani ni kuuzika. Kwa hiyo hata kwao kuna kiporo na kuna kaburi. Mwenzako ameweka kiporo, maana ametaja Machi.

Usijione mjinga. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita vya pili vya dunia, ameandika kwamba katika vita hivyo maofisa wa Uingereza walitaka waraka wao ujadiliwe haraka, wakawaambia Wamarekani wanataka "to table it". Wamarekani wakaelewa kwamba unatiwa kwenye droo. Wakabishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kumbe wote walitaka jambo lilelile.

Dalili ya kutazama ni kinachofuata kitenzi. Ukiona "until" au "for now", hiyo ni kuahirisha. Ukiona "before the committee" au "in Parliament", ni kuwasilisha. Palipo "was tabled" peke yake, hasa kwenye muhtasari wa kikao cha zamani, usikisie. Tafuta kama kura au mjadala ulifuata. Kwa Wakanada uliza moja kwa moja, kwani maana zote mbili zinatumika kwao.

Wewe ukiandika kwa watu wa pande zote, kiache kabisa kitenzi hiki. Tumia "present" au "submit" kwa kuwasilisha, "postpone until" pamoja na tarehe kwa kuahirisha. Kwenye muhtasari ongeza nani atalirudisha jambo na lini, maana kiporo kisicho na mwenyewe huchacha. Na ukitafsiri ule ujumbe kwa wenzako wa ofisini, usiseme bajeti "imewekwa mezani". Sema imeahirishwa hadi Machi.

Slaidi usizifute. Zitakufaa Machi, ila takwimu za Januari na Februari uziongeze.

Mama yako