Kabla hujagusa data ya Kiamhari

Kama ndiyo unaanza kazi ya programu na umekabidhiwa faili lenye majina ya Kiamhari au Kitigrinya, lugha za Ethiopia na Eritrea, anza na neno fupi: ቡና, yaani kahawa. Jicho linaona alama mbili na kompyuta nayo inahesabu mbili. Ile ya kwanza, ቡ, ni "bu" nzima, na msimbo wake katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, ni U+1261. Usiitafute "b" ndani yake, wala "u". Herufi kama é Unicode inakubali kuigawa iwe e na alama yake ya juu, ቡ haigawanyiki.

Jirani zake ni በ (U+1260), ቢ (U+1262), ባ (U+1263), na safu inaendelea hivyo. Ukishaona kwamba konsonanti nyingi zimepewa nafasi nane nane, utatamani kuandika kitanzi (loop) kinachozalisha silabi zote kwa kujumlisha. Usifanye hivyo. Baada ya ቈ (U+1248), nafasi ya U+1249 ni tupu, na tupu kama hizo zipo kadhaa. Chukua orodha ya Unicode yenyewe.

Sasa tazama baiti, maana hapa ndipo kazi ilipo. Katika UTF-8, njia ya kawaida ya kuhifadhi herufi za Unicode kwa baiti, ቡ huhifadhiwa kwa baiti tatu: E1 89 A1. ና ni E1 8A 93. Kwa hiyo ቡና ina herufi mbili na baiti sita, na mfumo unaokata majina kwa kuhesabu baiti unaweza kuipasua silabi katikati. Programu ikizisoma baiti hizo kana kwamba ni Windows-1252, mfumo wa zamani wa herufi za Ulaya Magharibi, utaona á‰¡áŠ“. Ile á inayojirudia kila baada ya hatua chache ndiyo dalili yake: silabi zote za safu kuu, U+1200 hadi U+137F, huanza na E1.

Ukiiona á hiyo, simamisha kila kitu kabla mtu hajabonyeza "hifadhi". Maandishi mengi ya namna hiyo hurudishika, lakini si yote. Silabi za ፈ, za ፀ na hata nukta ya mwisho wa sentensi (።) zina baiti 8D, ambayo Windows-1252 haijaipa herufi yoyote. Programu nyingine huibadilisha kuwa alama ya kuuliza, na hapo jina la mtu limepotea moja kwa moja.

Visanduku vitupu ni habari nyingine: data ni nzima, fonti tu haipo. Weka Noto Sans Ethiopic, yataonekana. Nyaraka zilizotangulia Unicode 3.0 ya mwaka 1999, toleo lililoingiza mwandiko huu wa Kiethiopia, zinahitaji subira zaidi. Fonti za wakati ule kila moja ilikuwa na mpangilio wake wa misimbo ya herufi, kwa hiyo itambue kwanza fonti iliyotumika, kisha utafute jedwali lake la kubadilishia.

Linalonigusa zaidi ni utafutaji. Jina Tsehay, lenye maana ya jua, utalikuta likiandikwa ፀሐይ, ጸሐይ, ፀሀይ au ጸሀይ. Kwa Mwamhari yote hutamkwa sawa. Kwa kompyuta ni maneno manne, na usawazishaji wa Unicode (kanuni zake za kufanya maandishi yaliyo sawa yawe na msimbo mmoja) hauyaunganishi, kwa kuwa ፀ na ጸ ni herufi mbili halali. Mgonjwa anayeambiwa faili lake halipo, na kumbe lipo kwa tahajia nyingine, anaumia kwa uzembe wetu. Katika jedwali la data, acha safu ya jina ibaki kama mwenyewe alivyoliandika. Tengeneza safu ya pili ya kutafutia, na humo ndimo uunganishe ፀ na ጸ, ሠ na ሰ, ዐ na አ, ሐ na ኀ pamoja na ሀ. Ila uliza kwanza data ni ya lugha gani: katika Kitigrinya ሐ na ሀ zina sauti tofauti, vivyo hivyo ዐ na አ, na ukiziunganisha utachanganya watu wawili.