Maswali na majibu: utafiti wa mitandao ya kompyuta

*Ndio kwanza naanza uzamili na tayari naimudu ns-3. Nichague mada gani inayoifaa?*

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara limegeuzwa kichwa chini. ns-3 ni programu ya kuiga mtandao, nayo haikupi tatizo la kutafiti. Tatizo hutafutwa kwenye mtandao unaofanya kazi. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake, umbali usiofika mita 400, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alitaka kujua kwa nini. Kompyuta zilikuwa zikituma tena pakiti, yaani vipande vya data, ambazo bado zilikuwa njiani, foleni ikazidi kujaa. Dawa aliyoichapisha mwaka 1988 ingali msingi wa udhibiti wa msongamano katika TCP, kanuni ambazo kompyuta hufuata kutumiana data kwenye intaneti. Nenda kapime kitu, kisha uniandikie.

*Wireshark inatosha kujaza sura ya mbinu?*

Hapana. Ni programu ya kunasa pakiti: inakuonyesha pakiti, hoja uilete wewe.

*Algoriti yangu ya kudhibiti msongamano inaishinda Reno kwa mbali. Nichapishe?*

Bado. Reno ni algoriti ya zamani ya TCP. Linux ilishahamia nyingine, CUBIC, tangu 2006, na Google ilitangaza yake, BBR, mwaka 2016. Shindana na hizo. Halafu weka mtiririko wako pamoja na mitiririko ya CUBIC kwenye kiungo kimoja chembamba uone nani anabaki na nini, kwa sababu mara nyingi kasi ya algoriti mpya ni haki iliyoporwa kwa majirani. Jaribu pia kwa bafa (nafasi ambamo pakiti husubiri zamu) ndogo na kubwa. Bafa kubwa ikijaa, grafu ya kasi hupendeza huku mazungumzo ya video yakikwama. Tasnifu inayoonyesha kasi bila ucheleweshaji mimi siipitishi.

*Nimeendesha jaribio mara moja na grafu imetoka safi. Msimamizi anataka nirudie mara 30. Ni lazima?*

Ni lazima. Badilisha mbegu ya namba nasibu, yaani namba inayoanzisha bahati nasibu ya programu, kila unaporudia, la sivyo utakuwa umenakili jibu lilelile mara 30. Na usiniletee wastani peke yake: onyesha pia ile pakiti moja kati ya 100 iliyochelewa kuliko zote, maana hiyo ndiyo inayomuumiza mtumiaji.

*Nimepima muda wa pakiti kutoka mashine moja hadi nyingine, na ucheleweshaji wa kwenda umetoka namba hasi. Kwa nini?*

Saa za mashine mbili hazilingani. Pima kwenda na kurudi kwa saa ya mashine moja. Mwanga kwenye nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo umbali wa kilomita 1,000 hauendwi na kurudiwa chini ya milisekunde 10. Ukipata 6, tafuta kosa lako kabla ya kuandika sentensi nyingine.

*Naweza kunasa trafiki ya wanafunzi wenzangu bila kuwaambia? Si imesimbwa?*

Usithubutu. Usimbaji huficha maudhui. Anwani za IP, nyakati na ukubwa wa pakiti vinabaki wazi, na mara nyingi vinatosha kubaini mtu alifungua tovuti gani. Pata kibali cha kamati ya maadili kabla ya pakiti ya kwanza, nasa vichwa vya pakiti tu (sehemu yenye anwani, si maudhui), na ficha anwani kabla data haijaondoka kwenye mashine iliyoinasa. Kama ulishaanza kunasa, simamisha leo na umweleze msimamizi wako.