Premio au Mark X baada ya Corolla 110?

Mkuu, kama Corolla 110 imeshakuchosha na unasitasita kati ya Premio na Mark X iliyotumika, chukua Premio ya kuanzia 2007, CC 1500. Injini yake ya 1NZ ndiyo iliyomo kwenye IST za CC 1500, kwa hiyo spea zimejaa na mafundi wanaijua. Inatumia cheni ya taimingi, sio mkanda. Mark X ni gari tamu, sibishi, ila V6 ya CC 2500 kwenye foleni za Dar itakunywea mshahara.

Pa kukagua hasa ni gia boksi. Ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, haitaki ATF, ile oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida. Muulize muuzaji aliweka oili gani, akibabaika ondoka. Mwambie asiliwashe kabla hujafika, ulikute injini ikiwa ya baridi. Likitetemeka wakati wa kuondoka, achana nalo. Kilomita za dashibodi nazo usiziamini sana: zikisoma 60,000 huku mpira wa pedali ya breki umelika, kuna mtu kazichezea.

Ukikosa Premio safi, Allion ni ileile, bodi tu tofauti. Kadi ya gari ihakikiwe TRA kabla hujatoa hata advansi.