Maswali ya Wasomaji: Mwanafunzi Anapoingia Wodi ya Akili

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi wa uuguzi wanaojiandaa kwa mazoezi katika hospitali ya akili ya Mathari na katika wodi za akili za hospitali nyingine hapa Nairobi. Tumechagua nne.

Mgonjwa aliniambia marehemu mama yake anamwita dirishani. Mwenzangu akamwambia hakuna kitu, mgonjwa akawaka. Mimi nikaitikia tu ili atulie. Nani alikosea? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Kayole)

Nyote wawili, ingawa kosa lenu linarekebishika. Ukimbishia, hatakuambia tena. Ukimwitikia, umetoa ushahidi wa jambo ambalo hukulisikia, na kesho akikuuliza mama alisema nini, utakwama. Sema unachokijua bila kumfutia anachokisikia: "Mimi siisikii sauti hiyo, lakini naona inakutisha. Inakwambia nini?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Ipo sauti inayomwita jina tu, na ipo inayomwamuru ajikate au ampige wa kitanda cha pili. Kwa hiyo uliza: inakuamuru ufanye jambo? Umewahi kuitii? Unaweza kuikataa? Ikiwa amri ipo, usimwahidi siri. Mwambie wazi kwamba utamjulisha sista wa zamu, na ufanye hivyo kabla hujaenda chai.

Kisha mrudishe kwenye mambo yanayoshikika, kama kukunja shuka pamoja, kutembea uani au kucheza drafti. Usinong'onezane na mwenzako mbele yake, maana atadhani anasengenywa, na usimguse kabla ya kumwambia. Akianza kupandisha hasira, simama upande kidogo, mbali kuliko urefu wa mkono, na mlango ubaki wazi kwako na kwake pia. Mgonjwa anayeona amezingirwa hupigana.

Nikimuuliza mgonjwa wa sonona kama anawaza kujiua, si nitampa wazo? Na mbona msimamizi alizidisha ulinzi siku mgonjwa alipoanza kuchangamka? (Msomaji, Kangemi)

Humpi wazo. Wengi hupumua wanapopata mtu wa kuwauliza bila kutetemeka. Lakini uliza kwa maneno kamili. "Una mawazo mabaya?" ni swali ambalo mtu anaweza kulijibu vyovyote. Sema, "Je, umefikiria kujiua?" Akikubali, endelea: kwa njia gani, kifaa anacho, amepanga lini, amewahi kujaribu, na ni nini kimemzuia mpaka leo. Jibu la hilo la mwisho liandike kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo mpango wa huduma utakapojishikiza.

Kuhusu kuchangamka, msimamizi wako alifanya sawa kabisa. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kabla moyo haujainuka, ilhali nguvu za mwili zinaweza kutangulia. Aliyekuwa hawezi hata kushuka kitandani sasa anaweza kutekeleza alichokuwa akikiwaza. Wapo pia wanaotulia ghafla kwa kuwa wamekwisha kuamua.

Kwa hiyo kagua mikanda, kamba za viatu, nyembe, chaja na mifuko ya plastiki, na urudie kila wageni wanapoondoka, maana vitu huingia pamoja na matunda. Wakati wa dawa, subiri ameze, halafu mwombe afungue kinywa na kuinua ulimi. Vidonge vinavyofichwa shavuni hukusanywa hadi vikatosha kuua. Ukiagizwa kumwangalia kila dakika 15, usipite kwa saa ile ile inayotabirika. Pita dakika ya 7, kisha ya 18, kisha ya 31, asiweze kukupigia hesabu. Na saa ya kupokezana zamu, wakati wauguzi wote wamekusanyika mezani, lazima mmoja abaki korido.

Jambo jingine, la familia. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Hofu ya polisi haijaisha majumbani, na bado utaambiwa kwamba mgonjwa alikunywa sumu ya panya kwa bahati mbaya. Waondolee hofu hiyo kwanza, ndipo utapata historia ya kweli.

Kijana alidungwa haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, jana. Leo shingo imepinda na macho yameelekea juu. Wenzangu wanasema anaigiza. (Mwanafunzi, Umoja)

Haigizi. Huo ni mkazo wa misuli unaoletwa na dawa. Huja saa chache hadi siku chache baada ya dozi, na huwapata zaidi vijana wa kiume. Mwite daktari sasa hivi. Ukimsubiri, angalia kama mgonjwa anapumua vizuri, anaongea na kumeza mate, kwa sababu koo likikaza hewa inazibwa. Kinachomfungua ni dawa za kundi la benzeksoli, lakini asiyeweza kumeza hapewi kidonge. Huyo anahitaji sindano ya kundi hilo, kwa agizo la daktari. Kaa naye, mweleze kwamba ni dawa iliyofanya hivyo na kwamba itaachia. Anaogopa kuliko anavyoweza kusema.

Yafahamu na madhara mengine mawili ya dawa hizo za akili. Mgonjwa asiyeweza kuketi, anayepiga hatua pale pale na kusema miguu inamwasha kwa ndani, mara nyingi huchukuliwa kuwa ugonjwa umepanda. Huongezewa dawa ile ile, naye huzidi kuteseka. Mwingine ana homa, mwili mgumu kama ubao, jasho jingi, fahamu zinayumba na presha inapanda na kushuka. Huyo usimpe dozi inayofuata. Ita msaada papo hapo, kwani hali hiyo huua.

Msimamizi amenirudishia ripoti niliyoandika "mgonjwa mkali, hashirikiani." Alitaka nini? (Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Kasarani)

Alitaka ulichoona na kusikia. "Mkali" ni hukumu yako, na atakayeshika zamu baadaye hawezi kuifanyia kazi. Andika hivi: "Saa 4:20 asubuhi alisukuma kikombe cha uji, akasema kwa sauti, 'Mmetia sumu.' Alikubali maji ya chupa iliyofungwa. Hakumgusa mtu." Muuguzi wa usiku akisoma hayo atajua la kufanya: atampelekea yai la kuchemsha likiwa na ganda na ndizi isiyomenywa, na amwache afungue mwenyewe.