Fundi Anajibu: Ligi ya vijana ya spidiwei isivunjwe

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni bodaboda wa kijiwe cha Nkuhungu, hapa Dodoma. Mwaka wa tatu sasa nafuatilia spidiwei, zile mbio za pikipiki za mduara, za Uingereza kwenye simu, hasa ile ligi ya chini ya kukuza vijana. Kila msimu ukiisha nasikia hofu ileile: timu zinapungua, viwanja vinafungwa. Wengine wanasema bora ivunjwe, vijana wapandishwe moja kwa moja ligi ya juu yake. Wewe unaonaje? Na wenzangu kijiweni wananiuliza jambo hili linanihusu nini. Sijapata la kuwajibu.
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili hapa gereji, mikono ina grisi, maana umegusa jambo lililonikaa rohoni tangu mwaka 2023.

Mwaka huo nilikaa miezi mitatu kwa binti yangu Manchester. Jumatatu moja mkwe wangu akanipeleka uwanja wa Belle Vue, ule mpya uliofunguliwa 2016. Wasomaji wasioujua mchezo huu wauone hivi: waendeshaji wanne, mizunguko minne, kama dakika moja tu, na kona zote zinakatwa kushoto. Pikipiki ni ya 500cc, silinda moja, gia moja, inanyweshwa methanoli badala ya petroli, na haina breki. Mwendeshaji akifika kwenye kona anaiachia tairi ya nyuma iteleze nje, anaburuza mguu wa kushoto uliovishwa soli ya chuma, na kwa mwendo huohuo wa ubavu anatokea upande wa pili. Wewe unayepita barabara za vumbi za Nzuguni unaijua ile nukta pikipiki inapoanza kukukimbia chini na moyo unapanda kooni. Wale wanaitafuta kwa makusudi, kila kona.

Timu ya wakubwa ilipomaliza, wakaingia vijana wa klabu hiyohiyo, wanaoitwa Colts. Watu wengi walikuwa wameshaondoka. Mimi nilibaki, nikasogea karibu na sehemu ya mafundi. Pale nikamwona baba mmoja amepiga magoti anabadilisha sproketi ya mwanawe, na mama mtu anammulikia kwa simu. Nilimsalimia kifundi, kwa kuonyesha mikono yangu, akacheka. Akaniambia wametoka kazini saa nane, wameendesha gari kwa muda wa saa tatu, na kesho alfajiri yuko kazini tena. Pikipiki ni zao, injini ni zao, mafuta ni yao.

Hapo ndipo penye mzizi. Mwendeshaji wa spidiwei anajiajiri mwenyewe. Klabu inamlipa kwa pointi anazoleta: wa kwanza tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho hapati kitu. Huko juu pointi zinalisha familia. Chini, mtoto anayemaliza wa mwisho mara tatu usiku mmoja anarudi nyumbani na injini inayodai kushushwa na bahasha nyepesi. Kwa hiyo ligi hii haisimami kwa tiketi, inasimama kwa mifuko ya wazazi, na mifuko hiyo ina kikomo.

Jambo la pili ni ardhi. Klabu nyingi za kule hazina kiwanja chake, zinapanga, mara nyingi zikigawana na mbio za mbwa. Klabu ya Coventry ilikimbia kwenye kiwanja chake cha Brandon mara ya mwisho mwaka 2016. Wolverhampton na Peterborough wote walipoteza viwanja vyao mwaka 2023. Mwenye ardhi akitaka nyumba, au akitaka siku zote ziwe za mbwa, hakuna wa kumzuia. Kiwanja kikifungwa magazeti huandika kuhusu timu kubwa iliyopotea, lakini kinachouma zaidi ni saa za mazoezi, zile Jumamosi asubuhi ambazo mtoto wa miaka kumi na mitatu alikuwa akizunguka peke yake na baba yake akihesabu sekunde. Sisi wa Dodoma tunalielewa hili. Kile kiwanja cha vumbi tulichochezea mpira nikiwa kijana leo kimejaa nyumba, na watoto wa mtaa ule wanachezea barabarani.

Sasa, ivunjwe? Hapana. Napinga kabisa.

Ligi hii iliitwa Conference League tangu mwaka 1996, ikawa National League mwaka 2009, na tangu 2021 ni National Development League, ya tatu baada ya Premiership na Championship. Tai Woffinden, bingwa wa dunia wa 2013, 2015 na 2018, alianza kukimbia ligi huko chini na klabu ya Scunthorpe akiwa bado mtoto. Dan Bewley alipita kwa Colts hawahawa niliowaona. Mwaka 2021 yeye na Robert Lambert waliongoza Uingereza kutwaa Speedway of Nations, palepale Manchester, ubingwa wa dunia wa timu ambao nchi yao ilikuwa haijaugusa tangu 1989. Mtoto wa mchezo huu huanza na 125cc, akapanda 250cc, kisha 500cc. Kumtoa kwenye 500cc ya mazoezi ukamtupa kati ya watu wazima wa Championship ni sawa na kumkabidhi aliyepata leseni juzi basi la usiku la Mwanza. Wachache watafika. Wengine wataumia, wataogopa, wataacha.

Lakini watetezi wa ligi nao nina neno nao. Baadhi ya klabu zinaufukuzia ubingwa kama ligi kuu, zinajaza watu wazima wanaojua kila shimo la uwanja, na mtoto anabaki kula vumbi la nyuma. Kikombe cha ligi ya kukuza hakina thamani kama hakuna aliyekua. Mimi ningeweka nafasi zaidi za vijana, na mechi zao ningezipanga jioni moja na za wakubwa, kama nilivyoona Belle Vue. Mbio haziruhusiwi kuanza bila gari la wagonjwa, daktari na waamuzi, na hao wote wanalipwa. Wakishalipwa kwa mechi ya kwanza, ya pili inakuwa nafuu. Poland wamekwenda mbali zaidi: tangu 2022 klabu za ligi kuu zina ligi yao ya waendeshaji walio chini ya miaka 24, kwa hiyo mzigo unabebwa na mwenye nguvu. Uingereza haina fedha za Poland, najua, ila wazo la nani abebe mzigo halihitaji fedha za Poland.

Na wenzako wa kijiweni waambie hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa hapa kwetu. Mimi nilikuwa nikiwasaidia watoto wa shule ya jirani na gereji kila Ijumaa, mpira na riadha. Siku moja mwalimu akaniambia, "Fundi, usije tena, tumeambiwa basi." Niliendelea kuwaona watoto wale wakipita na madaftari tu. Mmoja alikuwa na mbio ambazo mpaka leo sijaziona tena hapa mtaani. Sasa anauza mkaa, na hakuna anayejua alikuwa na nini miguuni. Michezo ilirudishwa baadaye. Yeye hakurudi.

SWALI: Mzee Fundi, hapa Kibaigwa tuna eneo tambarare na vijana wenye pikipiki. Je, tunaweza kuanza mbio za mduara kama hizo?
Kijana wa Kibaigwa

JIBU: Mnaweza kuanza na kitu kidogo zaidi ya hicho. Usitoe breki kwenye pikipiki ya kazi, narudia, usitoe. Wekeni mduara wa mita mia tatu, mwagieni maji udongo ushikane, pigeni uzio wa matairi ya zamani na magunia ya pumba upande wa nje wa kona, ambako ndiko watu huangukia. Wakimbie wawili wawili kwanza, helmeti na buti kwa kila mmoja, na pasikimbiwe bila mhudumu wa afya na gari la kumwahisha majeruhi hospitali. Chagueni siku ambayo soko limepoa na magari ya mahindi yamepungua. Mkiwa tayari niandikieni, nitapanda basi la asubuhi na saa yangu ya kuhesabia.