Uliza Gereji: Forester ya turbo iliyokufa injini, ninunue?

SWALI: Nimepata Subaru Forester ya 2005, turbo, otomatiki, iliyotoka Japani. Bodi haina kutu, ndani safi, ila injini imekufa. Mwenyewe anasema ni gasketi ya hedi tu. Dalali ananong'ona kwamba imenoki, yaani beringi zimelika na injini inagonga. Fundi wangu anasema nisijisumbue kutafuta ugonjwa, ninunue injini ya mtumba nifunge. Bei iko chini sana. Niingie?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kuingia unaweza, lakini kati ya hao watatu, fundi wako ndiye wa kumwogopa. Injini ya turbo ina sababu ya kufa, na mara nyingi sababu hiyo hubaki ndani ya gari baada ya injini kushushwa.

Gari lako lina injini ya EJ205: cc 1994, silinda nne zilizolala mbili huku, mbili kule. Nenda na soketi ya 22, tochi, sahani nyeupe na sumaku. Weka giaboksi kwenye P, kisha zungusha krankishafti (shafti kuu ya injini) kwa mkono, kwenye bolti ya puli ya mbele, kuelekea mwendo wa saa, mizunguko miwili kamili. Ikikataa kabisa, imeshikana. Ikigota mahali pamoja, huenda kuna valvu au pistoni iliyovunjika. Muulize pia muuzaji kama mkanda wa taimingi ulikatika. Injini hii haisamehe: mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu zikapinda, hata kama gari lilikuwa linatembea taratibu. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na magari mengi hufika kwetu na ule wa kiwandani.

Ikizunguka vizuri, fungua oili kidogo uimwagie kwenye sahani. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji, na hapo hadithi ya gasketi inaanza kuingia akilini. (Gasketi za hedi ni ugonjwa uliozipa jina baya hasa EJ25, yaani injini za Subaru za lita 2.5, zisizo na turbo; kwenye turbo si mtuhumiwa wa kwanza.) Ukiona vumbi linalometameta, toa filta, ikate kwa kikata filta (si msumeno, maana huacha chembe zake za chuma), kunjua karatasi yake. Vipande vya rangi ya shaba au fedha visivyoshikwa na sumaku ni beringi, kwa kawaida za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krankishafti). Vinavyoshikwa na sumaku ni chuma, na hiyo ni habari mbaya zaidi.

Injini kama bado inawaka, usiiache iungurume muda mrefu. Mlio wa konrodi ni mzito, kama nyundo ndani ya pipa, na husikika zaidi ukipandisha hadi mizunguko 2,500 kisha ukiachia. Chomoa koili moja moja. Mlio ukipungua kwenye silinda fulani, umempata mgonjwa. Kipimo cha kompresheni hakitakuonyesha beringi. Kinachokuonyesha ni pete, pistoni na valvu. Pima injini ikiwa na joto na throto ikiwa wazi kabisa: psi 140 hadi 170 ni nzuri, na silinda zisitofautiane sana. Moja ikiwa 90 huku nyingine ziko 150, mara nyingi ni pistoni iliyomeguka ukingo unaoshika pete. Huo ni uharibifu wa petroli hafifu: magari haya yaliwekewa mipangilio ya petroli ya Japani yenye oktani 100.

Sasa chomoa bomba la hewa la turbo. Shika ncha ya shafti. Kuchezacheza kidogo pembeni ni kawaida. Kusogea mbele na nyuma si kawaida, wala mapanga kukwaruza ganda. Kwenye injini zenye AVCS (mfumo wa Subaru wa kubadili muda wa kufunguka kwa valvu), njia ya oili ina bolti yenye kichungi kidogo cha waya ndani. Oili ikichelewa kubadilishwa, kichungi huziba kwa masizi, turbo ikafa kwa kiu. Vyuma vyake hurudi kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) kupitia bomba la kurudisha oili, pampu ikavinyonya, na beringi za chini zikaanza kulika. Mnunuzi huona injini iliyonoki tu. Akifunga injini ya mtumba na kurudisha turbo ileile, anarudia mzunguko huohuo.

Kwa hiyo kwenye hesabu yako, mbali na injini, weka turbo kama imeguswa, bolti ya kichungi na bomba la oili la turbo, na kipozeo cha oili kilicho chini ya filta. Hicho usikubali kuoshewa. Chembe hukwama ndani na hutoka siku injini inapopata moto. Intakula, kipozeo cha hewa ya turbo, ioshwe ndani nje. Mkanda wa taimingi, tenshena, roli zake zote, wota pampu na sili ya nyuma ya krankishafti vibadilishwe injini ikiwa bado chini, maana kuvifikia baadaye ni kulipa ufundi mara mbili. Fungua pia sampu uangalie bomba la kunyonya oili: lina tabia ya kupasuka kwenye mshono, likavuta hewa.

Kununua injini, usiridhike na neno EJ20. Ile ya Legacy ya turbo ya miaka hiyo, EJ20X au EJ20Y, inafanana kwa macho lakini turbo, ekzosi na nyaya zake ni tofauti. Linganisha AVCS, sensa na meno ya magurudumu ya taimingi kabla ya kulipa.

Siku ya kuwasha, toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga starta kwa vipindi mpaka taa ya oili izime, ndipo uirudishe. Jaza maji gari likiwa limeinua pua, maana injini hii iliyolala hushika hewa. Oili ni kama lita 4.5, ile ya kwanza imwage baada ya kilomita 500.

Bei? Chukua bei ya Forester nzima ya namna hiyo, toa yote hayo pamoja na ufundi na kuvuta, kisha toa asilimia 20 ya yasiyotarajiwa. Kinachobaki ndicho cha juu kabisa unachoweza kumlipa.

SWALI: Je, naweza kufunga injini isiyo na turbo, nikahamishia turbo juu yake?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Injini isiyo na turbo hubana hewa kiasi cha 10 kwa 1. Ukiongeza shinikizo la turbo, pistoni zitameguka. Na ukibadilisha injini yoyote, namba yake mpya, iliyogongwa juu ya bloku karibu na giaboksi, lazima iingizwe kwenye logbuku kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kabla hujafikiria kuliuza gari.